Nimenunua gari lililotumika, sasa linachemsha na kila fundi ana jibu lake

SWALI

Mshauri, habari za kazi.

Nimenunua gari lililotumika kutoka kwa mtu ninayefanya naye kazi. Ni la petroli, gia za otomatiki, na feni ya rejeta ni ya umeme. Kabla ya kulipa nililiendesha asubuhi kwa muda mfupi, likaenda vizuri. Injini ilikuwa imeoshwa inang'aa, na hakuna taa ya onyo iliyowaka kwenye deshibodi. Nikaridhika.

Mwezi wa kwanza haukuisha, vituko vikaanza. Nikikwama kwenye foleni mchana, mshale wa joto unapanda, na nikiwasha AC unapanda upesi zaidi. Barabara ikifunguka nikaongeza mwendo, unashuka hadi katikati. Nililipeleka kwa fundi, akaitoa themostati na kuitupa, akasema hicho ni kifaa cha nchi za baridi tu.

Tangu hapo, nikiwa safari ndefu mshale unakaa chini kabisa na mafuta yanakwisha haraka kuliko mwanzo. Kwenye foleni bado unapanda, ila unachelewa. Sasa juzi limetokea jipya: nilikuwa napanda mlima, gari liko kwenye mwendo, mshale ukapanda hadi mwisho na mvuke ukatoka chini ya boneti. Nikasimama pembeni nikasubiri hadi likapoa.

Tangi la akiba nalijaza maji ya bomba kila baada ya siku chache, maana yanapungua, lakini nikiegesha sioni tone chini. Asubuhi injini ikiwaka hutetemeka kidogo kisha hutulia.

Fundi wa pili anasema nibadilishe rejeta. Wa tatu anasema gasketi ya hedi imekwisha, injini ifunguliwe. Kaka yangu ananiambia niliuze haraka lingali linawaka, nisimweleze mtu. Nami siku hizi nashindwa kumtazama usoni yule mwenzangu kazini, kwa sababu sijui kama alijua. Nianzie wapi? Na je, niendelee kuliendesha wakati nasubiri jibu lako?

Dada mwenye mashaka

JIBU

Dada yangu,

Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lisiloweza kusubiri. Hapana, usiliendeshe tena, hata safari ya karibu, mpaka kipimo nitakachokueleza hapa chini kifanyike. Hedi, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda kwa juu, kwenye injini nyingi za siku hizi ni ya alumini, na alumini ikizidiwa na joto hupinda. Ikishapinda, gasketi iliyo kati yake na bloku hukosa mahali pa kubana sawasawa. Kuanzia hapo kila safari inaongeza uharibifu, na gari linaloweza kuokolewa leo linaweza kuhitaji injini nyingine mwezi ujao. Likihitaji kwenda gereji, libebwe juu ya gari la kubebea. Hilo lako ni otomatiki, na ukilivuta kwa kamba magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa yanazunguka chini, giaboksi inazunguka bila oili kusukumwa ndani yake. Utakuwa umetafuta hasara ya pili.

Sasa tuje kwa mafundi wako. Sidhani kama yupo aliyekudanganya. Kila mmoja alilikuta gari katika hatua tofauti ya ugonjwa, akaona dalili iliyokuwa mbele yake siku hiyo. Wewe ndiye uliyekuwa nalo tangu mwanzo, na barua yako ina kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekuwa nacho: mpangilio wa matukio. Kwanza lilichemka kwenye foleni tu. Baadaye likaanza kuchemka hata kwenye mwendo, mlimani, na hapo katikati maji yakawa yanapungua na injini ikaanza kutetemeka asubuhi. Kwa ninavyousoma mpangilio huo, unayo matatizo mawili, la kwanza likiwa limezaa la pili. La kwanza ni la hewa kwenye rejeta, na karibu nina hakika nalo. La pili ni gasketi, nami nalishuku kwa nguvu, ila kushuku si kupima, na injini haifunguliwi kwa kushuku.

Kabla sijaeleza sababu, tuelewane jinsi joto linavyotolewa. Pampu husukuma maji kupita kwenye njia zilizo ndani ya bloku na hedi. Injini ikiwa bado baridi, themostati huwa imefunga, maji yanazunguka ndani kwa ndani ili ipate moto upesi. Kwenye magari mengi themostati huanza kufunguka joto likifika kati ya digrii 82 na 92 za Selsiasi, na hapo maji ya moto huenda kwenye rejeta kupozwa na upepo. Gari likikimbia, upepo huja wenyewe. Likisimama, upepo wote hutegemea feni. Kifuniko cha rejeta nacho kina kazi kubwa ambayo watu wengi hawaijui: hubana mfumo mzima hadi presha ya karibu bar 1, na kwa presha hiyo maji matupu hayachemki kwa digrii 100, yanafika karibu 120 kwanza. Ukichanganya na kulanti (dawa maalumu ya maji ya rejeta) nusu kwa nusu, kiwango kinapita 125. Kifuniko chenye springi iliyolegea kinaweza kufanya hata injini isiyo na ubovu wowote ichemke.

Kwa hiyo, swali la kwanza ambalo fundi yeyote angepaswa kukuuliza ni hili: linachemka wakati gani?

Gari linalochemka likiwa limesimama, kisha likapoa likipata mwendo, lina pampu inayosukuma na rejeta inayopitisha, angalau kwa kiasi. Kinachokosekana ni upepo. Ndivyo lilivyokuwa lako mwanzoni. Linalochemka kwenye mwendo mkali au mlimani lina shida nyingine: rejeta iliyoziba ndani, pampu iliyochoka, mpira wa chini wa rejeta unaonywea kwa mvuto wa pampu, au gesi ya moto inayovuja kutoka kwenye silinda kuingia kwenye maji. Linalochemka dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi, hilo mara nyingi ni themostati iliyogoma kufunguka, au hewa iliyonaswa ndani baada ya maji kujazwa vibaya.

Umenipa kidokezo kingine bila kujua thamani yake: AC inaharakisha kupanda kwa mshale. Kondensa ya AC, inayotoa nje joto la AC, inakaa mbele ya rejeta, kwa hiyo AC ikiwaka rejeta inapokea hewa iliyokwisha pashwa moto, na injini nayo inabeba mzigo wa kompresa. Lakini gari lisilo na hitilafu limejiandaa kwa hilo. Ukiwasha AC, kwenye magari mengi feni huamrishwa kuzunguka bila kungoja maji yapate moto. Ikiwa yako ilikuwa inazunguka vizuri, foleni isingekusumbua kiasi hicho. Jiulize pia: ulipokuwa kwenye foleni, je, AC ilikuwa inatoa hewa vuguvugu, kisha ikawa baridi tena ulipoanza kwenda? Kama ndivyo, feni ndiyo mtuhumiwa wako, maana kondensa na rejeta zote mbili zinategemea upepo huohuo.

Kipimo chake ni rahisi na unaweza kukifanya mwenyewe injini ikiwa baridi. Washa injini, washa AC, fungua boneti, tazama feni. Usisogeze mkono, kwa sababu feni ya umeme inaweza kuanza ghafla. Isipozunguka, fundi aanze na fyuzi, kisha rilei, yaani swichi ndogo inayoendeshwa na umeme. Kwenye kisanduku cha rilei mara nyingi kuna nyingine inayofanana nayo kabisa, kwa mfano ya honi, na kuzibadilishana nafasi kwa muda kunatoa jibu papo hapo. Halafu aiunganishe mota ya feni moja kwa moja na betri. Ikizunguka kwa nguvu, mota ni nzima na shida iko kwenye waya, rilei au sensa ya joto. Ikigoma, au ikizunguka kwa uchovu, mota imekwisha. Ikizunguka vizuri, bado asiondoke hapo. Aangalie kama plastiki inayoizunguka feni ipo, kwa sababu bila hiyo feni huvuta hewa ya pembeni na sehemu kubwa ya rejeta haipati kitu. Aangalie upepo unaelekea wapi: feni iliyo nyuma ya rejeta inatakiwa kuvuta hewa kuelekea injini, na nimeona zilizounganishwa kinyume zikisukuma hewa ya moto kurudi mbele. Pia amulike kwa tochi nafasi iliyo kati ya kondensa na rejeta. Ukiangalia kwa mbele unaona safi, kumbe vumbi, majani na wadudu wamejaa pale katikati.

Hayo yote hayahitaji kununua kifaa hata kimoja. Ndiyo maana nasikitika kuona la kwanza lililofanyika kwenye gari lako lilikuwa kutoa themostati.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu imani hii imeharibu injini nyingi na bado inarithishwa gereji hadi gereji. Themostati haikuwekwa kwa ajili ya nchi za baridi. Iliwekwa ili injini ifanye kazi katika joto lililokusudiwa, popote ilipo. Bila hiyo, ukiwa kwenye mwendo injini haipati moto wa kutosha. Kompyuta inadhani ndiyo kwanza imewashwa, inaendelea kumwaga petroli zaidi, na hapo ndipo mafuta yako yanapokwendea. Oili nayo inabaki nzito na vyuma vinalika mapema. Baya zaidi, kwenye injini nyingi themostati ina kisahani cha pili kwa chini ambacho hufunga njia ya mkato pale maji yakishapata moto. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Kwa maneno mengine, kuitoa kunaweza kuongeza kuchemka hasa pale injini inapobeba mzigo mkubwa, kama mlimani. Kwako, kwenye foleni, kulifanya jambo moja tu: kulichelewesha joto la foleni, ukapata matumaini, ukaendelea kuendesha gari lenye feni mbovu. Irudishwe mpya, ya digrii zilizoandikwa na mtengenezaji, na ielekezwe upande sahihi, springi ikitazama injini.

Sasa hatua ya pili, ndiyo inayonipa wasiwasi.

Maji yanapungua na chini hakuna tone. Yanakwenda wapi? Yapo majibu yasiyotisha. Tundu dogo linaweza kudondosha juu ya chuma cha moto, maji yakageuka mvuke kabla hayajafika chini. Pampu inaweza kuvuja nyuma ya kifuniko cha mkanda. Rejeta ndogo ya hita iliyo ndani ya deshibodi inaweza kulowesha zulia la abiria, na hapo utaona kioo cha mbele kinapata ukungu wenye harufu. Kifuniko kibovu kinaweza kuruhusu maji yasukumwe hadi tangi la akiba na kumwagikia nje wakati wa joto. Lakini ukiunganisha upungufu huo na kutetemeka asubuhi, picha inabadilika. Gasketi ikipasuka kidogo, usiku presha iliyobaki kwenye mfumo husukuma maji taratibu hadi ndani ya silinda. Asubuhi silinda hiyo inawaka ikiwa na unyevu, inakosa moto kwa sekunde kadhaa, injini inatikisika, kisha maji yanaungua na mambo yanatulia. Ndivyo ulivyoandika, karibu neno kwa neno.

Kutokuona moshi mweupe kwenye ekzosi hakukuondolei shaka. Tundu likiwa dogo, moshi hauonekani. Vilevile oili kuwa safi hakuthibitishi uzima wa gasketi, kwa kuwa inaweza kupasuka kati ya silinda na njia ya maji bila kugusa njia ya oili. Na kinyume chake pia ni kweli: utando wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili unaweza kuwa unyevu tu kwenye gari linaloenda safari fupifupi. Kwa hiyo asikutishe mtu kwa kukuonyesha kifuniko hicho peke yake.

Kesho asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha, shika mpira wa juu wa rejeta uubonyeze. Unatakiwa kuwa laini. Ukiukuta mgumu, umejaa presha wakati injini haijawashwa, hiyo ni dalili nzito, na kifuniko usikifungue kwa haraka. Ukiwa laini, kizungushe kwa kitambaa pole pole, jaza maji hadi juu, kisha washa injini na utazame shingoni mwa rejeta. Viputo vichache mwanzoni vinaweza kuwa hewa iliyonaswa. Viputo visivyokoma, vinavyoongezeka ukikanyaga mafuta, ni gesi ya silinda. Zima baada ya dakika mbili tatu, hujaja kuipasha moto.

Kipimo chenye kauli ya mwisho ni cha kemikali, na ndicho nilichokisema mwanzoni. Ni kichupa chenye maji ya rangi ya bluu kinachowekwa juu ya shingo ya rejeta injini ikiwa inawaka. Hewa iliyo juu ya maji ya rejeta inavutwa kupita humo. Kukiwa na gesi ya mwako, bluu inageuka manjano kwa injini ya petroli. Isipogeuka, fundi arudie injini ikiwa imepata moto vizuri, akiwa ameisimamia muda wote, na awe amepunguza maji kidogo shingoni ili yasivutwe kuingia kwenye kichupa. Kifanyike mbele yako. Ni kipimo cha dakika chache kisichofungua hata bolti moja, na gereji inayotaka kushusha hedi bila kukifanya, ondoka nayo taratibu uende nyingine.

Pamoja na hicho aombwe kipimo cha presha: pampu ya mkono inafungwa mahali pa kifuniko, mfumo unajazwa hadi presha iliyoandikwa juu ya kifuniko chako, mara nyingi bar 0.9 au 1.1, na isizidi hapo. Mshale wa pampu ukikaa palepale dakika 10 hadi 15, hakuna kinachovuja nje. Ukishuka, atafute tone kwa tochi. Ukishuka na hakuna tone popote, atoe plagi aangalie kama mojawapo ya silinda ina unyevu. Kifuniko chenyewe nacho kipimwe, au kibadilishwe tu. Ni kitu kidogo.

Na rejeta? Fundi wa pili anaweza kuwa na hoja, hasa kwa sababu umekuwa ukijaza maji ya bomba. Maji hayo yana madini yanayoganda kwenye mirija myembamba, na hayana kinga ya kutu wala hayapandishi kiwango cha kuchemka. Lakini rejeta iliyoziba hupimwa kwa kipimajoto cha kumulika: joto linatakiwa kupungua kwa utaratibu kutoka maji yanapoingia hadi yanapotokea, na mahali pa baridi ghafla katikati ni mirija iliyoziba. Fundi akinusa tu na kusema ibadilishwe, hajapima. Kwa kuwa gari lako ni otomatiki, mtazame pia rangi ya maji kwenye tangi. Magari mengi ya aina hiyo hupoza oili ya giaboksi ndani ya rejeta hiyohiyo, na yakionekana kama maziwa ya waridi, oili na maji vimekutana. Hapo giaboksi nayo iko hatarini na rejeta haina mjadala.

Tuseme kichupa kimegeuka manjano. Basi injini itafunguliwa, na nataka uwe na msimamo juu ya mambo yafuatayo. Hedi ipelekwe kwa fundi wa mashine ikapimwe unyoofu kwa rula ya chuma na filagegi, yaani vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Kikomo cha kupinda ni kidogo sana, kwa injini nyingi ni kama milimita 0.05 hadi 0.1, jicho haliwezi kukiona. Ipimwe nyufa kwa presha kabla ya kusawazishwa, la sivyo utalipia kusawazisha hedi iliyopasuka. Bolti za hedi, kama ni zile zinazonyooka zinapokazwa, ziwe mpya, na zikazwe kwa spana ya kipimo kwa mpangilio wa mtengenezaji. Na juu ya yote, feni iwe imetengenezwa kabla gari halijatoka gereji. Gasketi mpya kwenye gari lenye feni mbovu itaungua kama ile ya zamani, na mtakuja kulaumiana na fundi bure.

Dawa za kumimina kwenye rejeta zinazoahidi kuziba gasketi, usizikubali. Zinaweza kuziba mirija ya rejeta na ya hita kabla hazijaziba unachotaka, na fundi atakayekuja baadaye atakuta tope.

Bluu ikibaki bluu, nitafurahi pamoja nawe. Hapo utengeneze feni, urudishe themostati, kifuniko kipya, utafute palipovuja kwa kipimo cha presha, mfumo ukoshwe na ujazwe kulanti ya aina inayotakiwa na mtengenezaji iliyochanganywa na maji yaliyochujwa madini. Usichague kulanti kwa rangi, kila kampuni ina rangi zake, na aina zisizopatana zikichanganywa zinaweza kuganda. Mwambie fundi atoe hewa yote, pua ya gari ikiwa juu kidogo na hita ikiwa imefunguliwa mwisho. Kulanti ya zamani isiachwe kwenye beseni wazi. Ni tamu, ni sumu, na watoto na wanyama huionja.

Halafu jipatie kifaa kidogo cha kusoma kompyuta ya gari, kile kinachochomekwa chini ya usukani na kutuma takwimu kwenye simu. Mishale ya joto ya magari mengi ya kisasa imetengenezwa kukaa katikati kwa upana mkubwa wa joto ili isimtishe dereva, kwa hiyo inapoanza kusogea umeshachelewa. Na maji yakiisha kabisa, sensa inabaki kwenye hewa na mshale unaweza hata kushuka wakati injini inaungua. Kwa namba utaona ukweli: injini nyingi hukaa kati ya digrii 85 na 100, feni ikiingia kazini karibu na 95 hadi 100. Ikipita 110, zima AC, fungua hita hadi mwisho wa moto na wa upepo, tafuta pa kusimama, zima injini. Hita ikitoa hewa baridi wakati injini ni ya moto, maji hayazunguki au hayapo. Usifungue kifuniko mpaka uweze kuushika mpira wa juu bila kuuachia, na usimimine maji baridi kwenye injini ya moto, chuma hupasuka.

Kuhusu ushauri wa kaka yako, siwezi kukubaliana naye, na nakuomba usiufuate. Atakayelinunua anaweza kuwa mlimani na watoto ndani siku hedi itakapokata tamaa, kama ulivyokuwa wewe juzi. Ukiamua kuliuza, liuze na karatasi ya vipimo mkononi na bei inayolingana na hali yake. Wapo wanaonunua magari ya namna hiyo kwa kujua, mafundi hasa.

Na yule mwenzako kazini. Inawezekana alijua, na inawezekana kabisa hakujua. Feni ya umeme inaweza kufa wiki yoyote, na mtu anayeendesha alfajiri kabla ya foleni anaweza kukaa miezi bila kuona mshale ukipanda. Mwombe fundi atazame alama zinazosema zaidi: je, kuna waya wa feni uliokatwa na kuungwa moja kwa moja na swichi, kuna mabaki ya dawa ya kuziba ndani ya tangi la akiba, bolti za hedi zina mikwaruzo mipya ya spana, kuna gundi ya gasketi iliyotokeza pembeni ya hedi? Injini kuoshwa peke yake si ushahidi, wauzaji wengi huosha. Subiri majibu hayo kabla ya kumshuku mtu unayekutana naye kila siku. Kisha mwendee faraghani, bila shutuma, umuulize swali moja la kifundi: "Ulipokuwa nalo, kuna kitu chochote cha rejeta, feni au hedi kiliwahi kuguswa, na kiliguswa na fundi gani?" Mtu mkweli atalijibu hapohapo, na akikupa jina la fundi wake, mpigie kabla hujaruhusu hedi ishushwe.